Mkia wa Jina la Bihogo

Omurushaka,
11 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hizi zitakukuta umemaliza kupalilia na mguu umetulia. Mimi sijambo. Mama anakusalimu kutoka Isingiro. Mgomba uliangukia banda la kuku, lakini watu wote wazima. Analalamika kwamba umeacha kupokea simu. Nilimwambia simu unapokea, ila mambo ya programu za C hutaki kuyasikia kwa simu, maana tangu ulipokuwa ukinifundisha umesema anayetaka kusaidiwa anakili programu yake kwa mkono, mstari kwa mstari. Ndiyo maana unaona karatasi.

Unajua tangu mwaka jana umoja wa wafugaji umeniajiri hapa Omurushaka. Niliwaandikia programu niliyoiita ukoo. Inasoma majina ya ng'ombe wa kila mwanachama, inachapa orodha, kisha inasema dume yupi ana undugu na mtamba yupi ili wasikutanishwe. Ilipendeza mpaka tulipoingiza ng'ombe wa kweli. Sasa ng'ombe wote wa mwanachama mmoja wanatoka na jina la yule wa mwisho. Mwenyekiti wetu ni Mzee Mujuni, ambaye unamfahamu. Orodha yake, kutoka juu hadi chini, inasema: Bihogo wa Mayenje wa Si. Hata hilo jina moja lenyewe limekatwa. Aliitazama karatasi, akasema, "Ng'ombe wangu mmemkata mkia." Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Mkutano mkuu ni tarehe 29 Juni. Amesema siku hiyo orodha ikitoka bado hivyo, kompyuta itafungiwa kabatini na mimi nirudi kwetu nikachume kahawa. Karani mwenzangu alijaribu kunitetea, hakusikilizwa. Nimekunakilia sehemu inayosoma majina. Nisaidie, Shangazi. Kazi nyingine sina.

Mwanao,
Dastan


Nyakatuntu,
24 Februari 2024

Dastan mwanangu,

Marahaba. Mguu upo, haujanikimbia. Migomba imeshika vizuri, isipokuwa ile ya upande wa barabara ambayo tangu ilipokanyagwa haijawahi kuwa migomba tena. Kwaya imenifanya mlezi, maana yake wakikosana wananiletea mimi. Mwambie mama yako simu yake niliipokea. Ni yeye aliyeniweka sikioni huku akibishana na muuza dagaa.

Nimesoma karatasi zako. Una chombo kimoja ulichokiita jina, chenye nafasi ya herufi ishirini na nne. Unasoma ng'ombe wa kwanza, unatia jina lake humo. Kisha badala ya kumpa nakala ya jina lake, unamwonyesha chombo: jina lako limo mle. Unasoma wa pili, la kwanza unalimwaga, la pili unalitia katika chombo kilekile, na yeye unamwonyesha palepale. Ni kama mtu anayekamua zizi zima kwa kyanzi kimoja cha maziwa, na kila ng'ombe akiuliziwa maziwa yake anaelekeza kwenye kyanzi hicho. Jioni ukifunua utakuta maziwa ya ng'ombe wa mwisho. C haikukudanganya. Uliiuliza jina liko wapi, ikakuonyesha mahali.

Katika C alama ya sawasawa haibebi herufi za jina. Inabeba anwani tu. Nilikufundisha hili ukiwa kidato cha pili, ukaniambia umeelewa. Basi pima urefu wa jina kwa strlen, ongeza moja, omba nafasi kwa malloc, ndipo unakili kwa strcpy. Kila ng'ombe apate nafasi yake. Na hiyo moja usiidharau. Kila mfuatano wa herufi unafungwa na sifuri isiyoonekana, na strlen haiihesabu. Ukiinyima nafasi, msomaji wa jina hatajua pa kusimama, ataingia kusoma vitu vya jirani. Kazi ikiisha, kila nafasi uliyoiomba irudishe kwa free, na irudishe mara moja tu.

Nina swali moja. Kwenye kompyuta ya ofisi andika which -a ukoo, kisha ninakilie inachojibu. Ni mstari mmoja, pengine miwili. Kabla ya kumganga mgonjwa napenda kujua ni yeye aliyelala kitandani.

Shangazi yako


Omurushaka,
17 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hapa ni wazima, ila mvua imeanza mapema na barabara ya kwenu, anasema kondakta wa basi anayetubebea barua, inapitika kwa kuomba. Nilikwenda Isingiro Jumapili. Mama amejenga banda jipya la kuku, safari hii mbali na mgomba. Karani mwenzangu amenipa maziwa ya mgando nimpelekee Mama, akayasifu.

Nimefanya yote. Kila ng'ombe sasa ana nafasi yake. Nilijaribu hapa kwenye folda yangu ya kazi kwa ng'ombe watatu wa kubuni, Moja, Mbili na Tatu, wakatoka kila mmoja na jina lake. Nilifurahi mpaka nikamwita mlinzi aje aone. Kisha nikaiweka programu mpya mahali pake na siku ya kuchapa nikaandika ukoo mbele ya wanachama. Orodha ya Mzee Mujuni ikatoka: Bihogo wa Mayenje wa Si, Bihogo wa Mayenje wa Si, mpaka chini. Akasema mashine yangu ni kama mtoto wa mjini, inajua ng'ombe mmoja tu. Halafu akaweka kidole mwisho wa mstari akauliza, "Na mkia wake?" Nikamwambia kila mtu anajua ni Siina. Akanitazama kama vile nimemtukana.

Nadhani malloc ya kompyuta hii ni mbovu. Nimekunakilia programu nzima, kurasa kumi na mbili, mkono umekufa ganzi. Kama ungeweza kuja siku moja kwa basi la asubuhi ukaona mwenyewe, ningefurahi sana.

Mwanao,
Dastan


Nyakatuntu,
3 Aprili 2024

Dastan,

Marahaba. Pasaka tuliila vizuri, kwaya waliimba wakiwa wamepatana. Kuja huko sitaweza, mguu.

Malloc si mbovu. Mtu akianza kuisingizia malloc najua amechoka kutafuta. Nimesoma kurasa zote kumi na mbili kwenye mwanga wa dirishani na sehemu ya kunakili majina umeiandika vizuri, hata free umeiweka panapostahili. Nimefurahi. Baada ya hapo nimegeuza kila karatasi mbele na nyuma nikitafuta jibu la swali langu. Halipo. Umeniandikia kurasa kumi na mbili za nisichokiuliza.

Labda hukuelewa kwa nini niliuliza, kwa hiyo nieleze. Ukiandika ukoo peke yake bila kusema yuko wapi, kompyuta haina namna ya kujua unamtaka yupi. Inachukua PATH, ambayo ni mstari wa majina ya folda yaliyotenganishwa kwa nukta mbili, na inabisha hodi kwa mpangilio huo. Mlango wa kwanza: ukoo yupo? Hayupo. Inakwenda wa pili. Wa kwanza kuitika ndiye anayeajiriwa. Haiulizi nani mpya wala nani ana akili zaidi. Ukiandika ./ukoo, na nukta na mkwaju, hapo umekwenda kwa miguu yako mpaka mlango wa folda uliyomo. Ndiyo maana ukiwa peke yako unampata mpya, na mbele ya wanachama anaitika mwingine. Una ukoo wawili katika kompyuta hiyo, mwanangu, na wa zamani anakaa karibu na barabara. Hiyo amri niliyokuomba inawataja wote kwa zamu yao ya kuitika.

Sasa mkia. Umempa kila ng'ombe nafasi yake, lakini bado unasoma kwanza katika kile chombo cha herufi ishirini na nne, na kinachozidi unakitupa. Umekuwa ukinakili kwa uangalifu mkubwa jina lililokwisha kukatwa. Nani alikuambia jina la ng'ombe wa huku ni herufi ishirini na nne? Wafugaji hawamwiti ng'ombe Bihogo wakanyamaza. Wanasema Bihogo wa Mayenje, na Mayenje wa nani, na kuendelea, na baada ya hapo mwingine anaongeza lake. Jina lao linarefuka kila ng'ombe anapozaa. Hakuna nambari utakayoichagua wewe ofisini itakayowatosha. Tumia getline, inajipanulia chombo kadiri ya mstari, nawe unakili kisha umrudishie nafasi yake. Na usijaribu tena kwa Moja, Mbili na Tatu. Ng'ombe hao hawana mama.

Kwa hiyo: which -a ukoo. Na huyo karani mwenzako anayetoa maziwa ya mgando, hana jina?

Shangazi


Omurushaka,
5 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole na mvua. Barua yako ilikaa kwenye basi lililokwama, kondakta akaniletea ikiwa na tope pembeni, lakini yote inasomeka. Mama ana mafua.

Nimeweka getline. Ninaahidi hakuna tena ishirini na nne popote. Faili la ng'ombe wa kweli nalisoma kwa ile amri ya ofisini tu, kwa hiyo sijaiona programu mpya ikifanya kazi juu yake.

Kuhusu PATH, nimekuelewa vizuri, tena nimeshalishughulikia mwenyewe ili nisikusumbue. Nimeandika programu ndogo ya C inayochukua PATH kwa getenv na kuiongezea folda yangu kwa strcat. Nimekunakilia, ni fupi. Ila inaleta maajabu. Mara ya kwanza ilianguka. Mara ya pili haikuanguka, lakini kompyuta ilianza kusema haijui nyumba yangu iko wapi. Na hata inapokubali, nikiandika ukoo baada yake, orodha ni ileile.

Wiki hii imekuwa mbaya. Mashine ilisema dume la pamoja halina undugu na mtamba wa Elpidius, yule mchungaji anayelisha karibu na bwawa. Kumbe ni baba yake mzazi. Elpidius alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, akaniuliza kama kwetu Isingiro tunaoana hivyo. Mzee Mujuni hakuja hata kunigombeza. Alisema tu kwamba anahesabu siku za Juni.

Mwanao,
Dastan


Nyakatuntu,
19 Mei 2024

Dastan,

Marahaba. Mama yako apewe chai ya tangawizi. Hapa tumeanza kuchuma kahawa ya juu.

Nimesoma hiyo programu ndogo nikaiweka chini, nikaenda kupepeta maharage, nikarudi nikaisoma tena. Ilikuwa vilevile.

Unachopewa na getenv si chako. Umeazimwa kukitazama. Hukukiomba kwa malloc, hujui mwisho wake una nafasi kiasi gani, na jirani yake amekaa bega kwa bega. Ukakichukua na strcat ukaanza kukiongezea herufi mkiani. Zilienda wapi unadhani? Zilimwagika kwa jirani, na jirani siku ile alikuwa HOME, ndiyo maana kompyuta ilipotea nyumbani kwake. Siku nyingine alikuwa mwingine, ikaanguka. Ukitaka mstari mrefu zaidi, pima wa zamani, pima unachoongeza, weka nafasi ya nukta mbili na ya sifuri ya mwisho, omba nafasi mpya, unganisha humo, kisha umkabidhi setenv, ambaye anajitengenezea nakala yake; wewe free ya kwako.

Na ungefanya yote hayo kwa usahihi, bado usingepata kitu. Programu inapoanza inapewa nakala ya mazingira ya aliyeiita, yaani vitu kama PATH na HOME. Inaweza kuibadilisha nakala yake inavyotaka na kuzirithisha programu itakazoziita yenyewe. Ikifa, inakufa nayo. Aliyeiita yuko palepale na PATH yake ileile. Huwezi kuwapangia samani majirani kwa kuhamisha viti vya chumbani kwako.

Sasa nisikilize. Nimefundisha watu hesabu na kompyuta kwa miaka mingi, na wanafunzi wasiojua nawafahamu. Wananijibu vibaya, lakini wananijibu. Wewe unajua. Mtu aliyeweza kuandika getline bila kosa hashindwi kuandika maneno matatu na kunakili jibu. Umeandika programu nzima ili usinakili mstari mmoja. Hilo si suala la C. Kuna kitu katika mstari huo hutaki nikione.

Mama yako ameniambia shati lako la Jumapili hupigwa pasi na mtu asiyejulikana. Sikuuliza.

Sitasoma tena karatasi yoyote isiyoanza na jibu la which -a ukoo.

E.


Omurushaka,
2 Juni 2024

/home/joyness/bin/ukoo
/usr/local/bin/ukoo

Shikamoo, Shangazi.

Joyness ndiye karani mwenzangu. Kompyuta ya ofisi inafunguliwa kwa akaunti yake na folda yake ndiyo ya kwanza katika PATH, kwa sababu mimi niliipanga hivyo. Programu ya kwanza nilipoimaliza mwaka jana niliiweka kwake, kama zawadi. Tangu hapo kila niliyoitengeneza niliiweka kwenye folda ya wote, nikasahau kuwa ya kwanza ipo. Uliponiuliza mara ya kwanza nilikumbuka palepale. Ningeweza kuifuta kimyakimya, lakini ungeuliza jibu, na mimi kukudanganya kwa maandishi siwezi.

Ukiona jina ungeuliza ni binti wa nani. Ni binti wa Mzee Mujuni. Ninataka kumwoa. Baba yake hajui, na yeye Joyness ameniambia hatakubali liende kwa baba yake kabla halijapita kwako, kama inavyopasa. Lakini kila mtu nyumbani anajua kwamba jina la Mujuni halitajwi mbele yako, nami nimelitaja kwa ajili ya kazi tu, kwa hiyo nilibaki hapo katikati.

Nisamehe kurasa kumi na mbili.

Dastan


Nyakatuntu,
9 Juni 2024

Dastan,

Marahaba. Kwanza kazi, maana mkutano haungoji.

Ingieni kwenye akaunti hiyo, wewe na mwenye akaunti. Ondoeni /home/joyness/bin/ukoo. Usiibadilishe jina ukaiacha humo; iondoe. Kisha andika hash -r, kwa sababu dirisha ulilokwisha kulitumia linakumbuka mlango wa zamani na litakwenda kubisha kwenye nyumba isiyokuwapo. Halafu which -a ukoo tena. Safari hii uone mstari mmoja. Ukiwa na wasiwasi siku ya mkutano, mwite kwa anwani yake nzima, /usr/local/bin/ukoo, na hapo hakuna anayeulizwa njiani. Ungenijibu Februari, ungekuwa umemaliza Februari.

Sasa la pili. Katika ukoo wetu kijana akimpenda msichana, wa kwanza kuambiwa ni shangazi. Si baba, si mama, si mlinzi, na wala si kondakta wa basi, ambaye leo nilipomdokeza jina la Joyness alitabasamu kama mtu aliyechoka kutunza siri. Binti amekuzidi adabu. Hilo nimeliandika na silifuti.

La tatu nitalisema mara moja. Wiki tuliyomzika baba yako, nikiwa bado Isingiro nimekaa na mama yako kwenye mkeka, ng'ombe wa Mujuni wakishushwa kwenda majini waliingia shambani kwangu. Niliporudi nilikuta upande wote wa barabara umelala. Migomba ile aliipanda kaka yangu Yustasi kwa mikono yake. Mujuni hakuja msibani, na hakuja shambani. Baada ya muda alimtuma mtu anaitwa Privatus, akasimama uani akaanza kusema ametumwa na nani. Nilipolisikia jina nikamwambia arudi alikotoka. Sikumpa kiti. Ndivyo ilivyo mpaka leo.

Kuhusu posa sijasema ndiyo, sijasema hapana. Chapa orodha.

Shangazi yako


Omurushaka,
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo, tena shikamoo. Sote wazima. Nakuandikia Jumapili hii kabla sijala, kondakta anangoja.

Tuliiondoa, Joyness na mimi, na which ikajibu mstari mmoja. Sikuthubutu kuchapa kabla. Joyness alisema kama itaniaibisha iniaibishe mara moja. Jana wanachama walijaa hadi barazani. Niliandika anwani nzima, kama ulivyosema. Karatasi zilianza kutoka, na kila ng'ombe alikuwa na jina lake, na mama yake, na bibi yake. Elpidius alichukua ya kwake akamwonyesha jirani mahali dume la pamoja lilipoandikwa kuwa baba wa mtamba wake, akasema sasa mashine imekua.

Mzee Mujuni alivaa miwani akasoma yake kimya, kidole kikishuka. Alipofika mwisho hakukaa. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno: Bihogo wa Mayenje wa Siina wa Evaresta.

Nilidhani nimekosea tena. Joyness ndiye aliyeyaandika majina yote baba yake akimtajia zizini. Hilo la mwisho alilijua, ila hakujua Evaresta ni nani, maana mimi nimekuwa nikikuita Shangazi tu.

Mzee akasema mbele ya watu wote, na nimeyaandika maneno yake nilipotoka ili nisiyaharibu: "Huyu si wangu. Huyu ni wa Evaresta wa Nyakatuntu. Ng'ombe wangu walimharibia shamba akiwa msibani kwa kaka yake, nami nilikuwa nimelazwa Bukoba, nikatoka nimechelewa kwa yote mawili. Nikamtenga mtamba, Siina, awe fidia yake, nikamtuma Privatus. Hakupokewa. Mimi kutuma mara ya pili kwa mtu aliyekataa salamu zangu siwezi, lakini ng'ombe akishatengwa anabaki na jina la mwenyewe, na anaowazaa ni wa mwenyewe. Nilitaka jina hilo lisomwe hapa, kijana wa Yustasi akisikia. Mmenikatia mkia wake miezi yote hii."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Kisha akaniambia kompyuta isifungiwe, na mimi nisiende kuchuma kahawa.

Nilikuwa nimetupa jina lako, Shangazi, kila siku ya kuchapa, tangu mwanzo. Herufi ya ishirini na nne na kuendelea.

Kuhusu Joyness bado sijamwambia Mzee. Nakungoja wewe.

Mwanao,
Dastan


Nyakatuntu,
7 Julai 2024

Dastan mwanangu,

Marahaba. Kahawa imeiva yote kwa pamoja, kama kawaida yake kunikomoa. Kwaya wamekosana tena.

Barua yako nimeisoma. Kisha nilikwenda upande wa barabara, nikasimama kwenye hiyo migomba. Nilimrudisha Privatus kabla hajafika mwisho wa sentensi. Basi.

Mwambie Mzee Mujuni, na umtaje hivyohivyo, kwamba Jumamosi nitapanda basi la asubuhi. Mguu utanifikisha, haukuwa mguu. Nitapita kwanza Isingiro kumchukua mama yako, maana jambo la Joyness haliendi na mtu mmoja. Lakini kabla ya posa nitakaa na Mujuni peke yetu, tuzungumze ya Yustasi, maana pole hiyo imechelewa na inabidi ipokelewe na mtu. Privatus naye awepo, nimpe kiti.

Joyness usimfundishe jinsi ya kunipokea. Nataka nimwone anavyonipokea mwenyewe.

Programu yako nina malalamiko mawili. La kwanza, inasoma kama vile Evaresta ni mama mzaa bibi wa ng'ombe. Mwenye mali awe na nafasi yake mwenyewe, si kubandikwa mkiani kwa akina Siina. La pili, katika ukurasa wa tisa kuna nafasi moja uliyoiomba ambayo huirudishi popote. Nililiona tangu Machi, nikalinyamazia kwa sababu ulikuwa na matatizo ya kutosha.

Na nina swali. Huyo Bihogo, kwa kuwa jina lenyewe ni la ng'ombe mwekundu, wekundu wake ni ule wa kukoza au wa kupauka, na pembe zake zimekwenda juu au zimefunguka? Mwulize Joyness, yeye amemkamua.

Jibu kwa mstari mmoja. Lifike kabla ya Jumamosi.

Shangazi yako,
Evaresta